Sabuni ya Mgeni Rasmi

Glavu zilikuwa jozi moja kwa bibi wanane. Kila asubuhi Ruti, mhudumu wa makao ya wazee, alizifua kwa majivu ya jikoni, akazianika kwenye kamba kama soksi za mtoto, vidole vikining'inia chini. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimetoboka siku nyingi. Alikifunga kwa uzi.

"Ruti mwanangu," Bibi Imelda aliita kutoka kitanda cha nne. "Nisamehe. Tena."

Ilikuwa mara ya sita tangu kuche. Tumbo lilimwanza Jumapili, na leo Jumatatu mashavu yalikuwa yamebonyea. Ruti alimgeuza, akavuta shuka, akamfuta.

"Usiombe msamaha, bibi. Tumbo halina adabu."

"Langu lilikuwa nayo. Kaulize kijiji kizima cha Ihanda."

Kitanda cha tano kilicheka. Huko alilala Bibi Raudha, mjane wa mwenye malori wa Tunduma, mwenye kidonda mgongoni kilichotaka kuoshwa kila siku, na mikono ya kukioshea ilikuwa ni hiyohiyo ya Ruti. Kati ya vitanda viwili hivyo hapakupita hata ndoo. Ruti alikuwa amechana khanga yake vipande viwili, cha Imelda na cha Raudha, visichanganyike. Lakini maji ya moto yalikuwa sufuria moja, na mikono hakuweza kuichana.

"Kitendawili," alisema Raudha.

"Tega," walijibu bibi wawili watatu.

"Amefika Jumamosi, ananukia vizuri, kalala chumba cha mwisho. Sisi huku tunanuka, tunamwita, haitiki."

"Sabuni," alisema Imelda kwa sauti ndogo.

"Aa, wewe! Ungeshindwa kwanza, unipe mji."

"Mji gani nikupe, dada yangu, na shuka lenyewe sina?"

Walicheka. Ruti naye alicheka, kisha akavua glavu, akaenda ofisini.

Sabuni ilikuwapo kweli. Maboksi yaliletwa na chama cha wafadhili kutoka mjini: sabuni, glavu, dawa ya kuulia vijidudu, ndoo zenye koki. Yalipangwa katika chumba cha mwisho, kile chenye mlango na choo chake, ambamo zamani walitengwa wagonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Sasa kilikuwa na kufuli. Msimamizi wa makao, Bwana Anania, alitembea na ufunguo mfukoni.

"Bosi, Bibi Imelda anaharisha. Naomba sabuni miche miwili tu, na glavu. Na chumba kile, nimtenge. Ugonjwa ukimpata Bibi Raudha na kile kidonda, hatutamweza."

Anania alikuwa anakunja bango la kukaribisha wageni. "Ruti. Mgeni rasmi anakuja lini?"

"Jumatano."

"Anakuja kufanya nini?"

"Kukabidhi."

"Sasa nikifungua leo, Jumatano atakabidhi nini? Maboksi yamefungwa utepe wao. Nikiukata mimi, mwakani hawaleti hata kiberiti. Hapo nitakuwa nimewasaidia hao bibi?"

"Basi nipige simu zahanati waje."

"Waje watundike karatasi ya kipindupindu getini? Mheshimiwa atapita chini ya karatasi?" Alishusha sauti, akawa mpole kabisa. "Mama, ni siku mbili. Na hilo neno kuharisha usiliandike daftarini. Andika uchovu."

Ruti aliandika uchovu. Kisha akatoa sukari nyumbani kwake, akaichanganya na chumvi katika maji yaliyochemshwa, akamnywesha Imelda kijiko kwa kijiko. Jumanne, saa nane mchana, kijiko kilirudi kimejaa.

Ndugu walikuja na pikapu, wakaupitisha mwili mlango wa nyuma. Anania aliagiza kitanda kitandikwe shuka jipya, kisionekane kitupu.

Jumatano Bibi Raudha aliamka akiwa ameshika tumbo.

"Bibi, lala. Nitasema umechoka."

"Mimi ndiye niliyepewa neno la shukrani," alisema Raudha. "Nivishe. Kuna kitu nataka kukisema."

Kamba ilikuwa tupu. Anania alikuwa ameziondoa glavu kuukuu, zisiwaaibishe.

Magari yalifika saa sita. Mheshimiwa akanawa mikono kwenye ndoo mpya, kamera zikapiga, watu wakapiga makofi. Kisha majina yakasomwa, kila bibi akawekewa mche mkononi.

"Imelda."

Jina likasomwa mara ya pili.

"Amesafiri, Mheshimiwa," alisema Anania. "Ndugu zake wamemchukua."

"Basi tumtakie safari njema!"

Makofi tena. Bibi Raudha aliposimamishwa, Ruti alimshika kiuno.

"Mheshimiwa, kitendawili."

"Tega, bibi, tega!" Alifurahi kweli.

"Amefika Jumamosi, kafunguliwa Jumatano. Jumanne mtu alimwita mpaka akakata roho."

Mheshimiwa aliangalia juu, akawaza. "Mvua?"

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Tunduma yote!"

Watu walicheka. Raudha hakucheka. "Tunduma nimekaa miaka arobaini. Nimekwenda, nimerudi. Jibu lake…"

Alibana miguu. Ruti aliona maji yakishuka kwenye kifundo cha mguu, yakiingia vumbini, na Raudha akipeleka mkono nyuma kulishika gauni lililolowa. Anania aliona pia. Alipunga mkono, kwaya ikaanza kwa nguvu.

Wageni walipoelekea kwenye magari, Anania alipita benchi kwa benchi na boksi, akikusanya miche. "Itagawiwa kwa utaratibu. Kwa utaratibu, bibi zangu." Wote walirudisha. Raudha, akiwa chini kwenye mkeka sasa, hakuachia. Anania alichuchumaa, akaukamata mkono ule uliolowa, akavifungua vidole kimoja kimoja mpaka mche ukatoka.

"Bwana Anania!" Mheshimiwa aliita akiwa mlangoni mwa gari. "Hatuagani?"

Anania alijipangusa kwenye suruali, akakimbia. Ruti alifungua mdomo.

"Mheshimiwa!"

Kwaya iliimeza sauti yake. Hakuna aliyegeuka. Anania alimpa mgeni mikono yote miwili, kwa heshima, akaufumbata mkono wake muda mrefu huku akiinama. Kisha Mheshimiwa akaletewa sahani ya maandazi ya njiani. Akachagua moja kubwa, akalimega, akawapa na wenzake ndani ya gari.