Kachumbari Isiyo na Chumvi

Mimi ni mkali, sikatai. Marehemu baba, Mzee Mtoro, alikuwa akinitania kwamba ningezaliwa mwanamume ningekuwa balozi wa nyumba kumi. Basi daktari alipomwambia, "Mzee, presha imepanda, punguza chumvi, kula matunda na mboga mbichi," nikaona kazi hiyo ni yangu.

Nilimtoa kijijini Mkongo, nikamweka kwangu Ikwiriri, na mdogo wangu Fatu akaja kunisaidia jikoni. Kilikuwa kiangazi, maembe yanaoza kando ya barabara. Kila mchana nilikata embe lililoanza kuiva, tango, nyanya, papai na vitunguu, nikakamulia limau. Chumvi niliipiga marufuku nyumba nzima.

Baba alionja, akasukuma bakuli.

"Enzi ya foleni, mwanangu, nilipiga kasia mpaka Mbwera kuwatafutieni chumvi. Leo kila duka lina chumvi ya pakiti, nawe waninyima?"

"Nakunyima maradhi, baba."

"Haya."

Wiki ya pili akaanza kula. Alimaliza bakuli, akaomba jingine. Mashavu yakarudi. Nikajisifu kwa majirani kwamba siri ni namna ninavyokamua limau. Kumbe! Siku moja niliwahi kurudi kutoka sokoni, nikamkuta Fatu anavikanda vitunguu kwa chumvi, anavisuuza mara moja tu, kama tulivyofundishwa tangu utoto.

"Wataka kumuua baba?"

"Dada, kitunguu hakioshwi kwa maji matupu. Na daktari kasema apunguze, hakusema akome."

"Daktari alizungumza na wewe au na mimi?"

Nikampandisha gari la kurudi Mkongo siku ile ile. Vitunguu nikaviosha mwenyewe, kwa maji matupu. Baba alionja kijiko kimoja.

"Kinawasha," akasema. Kesho yake hakuonja kabisa. "Fatu yu wapi?"

"Kaenda kupalilia."

Nilimdanganya mgonjwa. Siku ya nne alinishika mkono. "Mwanangu, hata chembe moja. Niwekee ulimini tu." Nikasema hapana. Chumvi ilikuwa kwa jirani, hatua kumi. Alfajiri ya siku ya sita alifariki.

Watu waliniambia moyo wake ulikuwa umeshachoka, na siku zikifika zimefika. Najua. Lakini baba yangu alikufa na njaa nyumbani mwangu, bakuli limejaa mbele yake, na aliyelijaza ni mimi.

Siku ya hitima wanawake waligawana kazi, Fatu akapewa vitunguu vya kachumbari. Alikata beseni zima, kisha akaketi tu, mikono mapajani. Hatukuwa tumesemeshana tangu mazishi. Akaniangalia kwa woga, mtoto wa mama yangu, ananiogopa mimi.

"Dada," akasema, "niweke chumvi?"

Nikachota chumvi konzi nzima, nikapiga magoti kando yake, nikaanza kuvikanda vile vitunguu kwa mikono yangu.

"Inatosha, dada," Fatu akasema.

Nikaongeza.