Jani Kwenye Kopo la Vifungo

Mama alikuwa anarudi mchana ule, na mimi sikuweza kukaa kitako kwa furaha. Kwa miaka mingi mtoto wa jicho alimfanya atuone kama vivuli. Sasa alikuwa amepasuliwa, jicho moja kisha la pili, na kwenye simu alijisifu kwamba anasoma hadi maandishi ya kwenye pakiti za dawa. Nilifagia, nikatandika, nikaimba ovyo. Kisha nikaenda dirishani kumpangusa vumbi Bibi Mnene, na shina likabaki mkononi mwangu.

Bibi Mnene ni mmea. Ana majani mazito yaliyojaa maji, yamepangana kama malinda ya sketi. Marehemu baba alimletea mama zamani za uchumba wao, na hata alipokuwa haoni, mama alimlea kwa vidole. Alibinya jani, likiwa gumu alimwacha, likilegea alimpa maji kidogo. Alipokuwa anaondoka kwenda kukaa kwa dada yangu, karibu na hospitali, alinishika mkono akasema, "Nikirudi nataka nimwone kwa macho yangu." Nikamwambia aondoe shaka.

Sasa shina lilikuwa jeusi, limeoza, linateleza. Ukelele wangu ulimtoa mume wangu bafuni na povu kichwani.

"Nani kammwagia maji?"

"Mimi," alisema. Yeye ni mwoka mikate. "Kila jioni nikitoka kwenye tanuri nafikiria, joto lote hili, maskini, ana kiu."

"Jioni? Mbona mimi nampa asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani!"

Kaka yangu, dereva wa lori, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, akainua kichwa. "Ala! Na mimi maji yanayobaki kwenye chupa yangu nampa yeye."

Watu wazima watatu, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake mwenye huruma. Niliwasuta wote wawili, kisha nikajisuta mwenyewe. Niliogopa kweli. Mama anarudi kuona, na kitu alichoomba kukiona tumekiua.

"Tununue mwingine," kaka alisema. "Atajuaje?"

"Atamshika," nikamjibu.

Gauni nililokuwa namshonea mama lilibakiza kifungo kimoja. Nikaona bora mikono ifanye kazi kuliko kulia. Nikashusha kutoka juu ya kabati kopo la vifungo vikubwa, lile lisilo na kifuniko ambalo siligusi mara kwa mara. Juu ya vifungo lilikuwa limelala jani nene, limesinyaa. Mwisho wake lilikuwa limetoa mizizi myekundu, myembamba kama uzi, na katikati ya mizizi hiyo palikuwa na Bibi Mnene mdogo, mzima kabisa, hafikii hata kifungo cha shati!

Nikapiga ukelele wa pili. Mume wangu akaja mbio. "Nani tena kafa?"

"Kazaliwa!"

Tulirukaruka kama wendawazimu. Kaka akachomoka kwenda jikoni kuleta maji, tukamdaka mlangoni.

Mama alipoingia hakuketi. Alitazama uso mmoja mmoja. "Kumbe mkwe wangu una kitambi! Na wewe, mwanangu, umeota mvi lini?" Nilicheka huku machozi yananitoka. Kisha akageukia dirisha, nikamwahi.

"Mama, tumemuua kwa maji. Wote watatu. Lakini tazama..." Nikamnyooshea kopo.

Hakushtuka hata kidogo. "Nililiweka mimi hilo jani, siku ile naondoka. Nawajua nyie. Nilijua mtampenda mpaka mumuue."

"Ulijua?"

"Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Hatujamaliza hata mwezi wa ndoa, kamjaza maji mpaka kafa. Alilia, yule mwanaume! Nikaotesha jani lililodondoka. Huyo mliyemuua ni mtoto wa yule wa kwanza."

Akalisogeza kopo karibu na macho yake mapya, akalitazama kwa muda mrefu. "Ana wekundu pembeni," alisema taratibu. "Baba yako ndiye aliyenionyesha. Nilikuwa nimeshausahau."

Akakaa kwenye kochi, kopo mapajani, anajifuta machozi. "Jamani, hebu nileteeni maji."

Hakuna aliyesogea. Tulitazamana.

"Ya kunywa mimi!" mama akasema, na nyumba nzima ikaangua kicheko.