Bushi ya Ndala

1.

MATANGAZO. LANGO KUU.
Wazazi na walimu mnataarifiwa kuwa kuanzia Jumatatu ni marufuku kuegesha gari kwenye mteremko wa shule. Gari la mwalimu mmoja, likiwa kwenye P, lilijisogeza lenyewe hadi ukuta wa darasa la awali. Hakuna aliyeumia. Kwa amri ya

(hapo karatasi imechanika)

2.

Mwenye gari ni Mwalimu Nakijwa. Aliileta karatasi hiyo gereji, akamsomea Fundi Mbonea neno kwa neno. Hakulalamika. Alisema tu kwamba mkono wa gia umelegea tena.

Tena.

3.

Wewe usiyewahi kulala chini ya gari la otomatiki, sikiliza. Kebo ya gia hushikwa na kibushi cha plastiki, hakizidi kizibo cha soda. Kikilika, mkono unaonyesha P, ya kuegesha, lakini gia yenyewe iko N, gari liko huru kubiringika. Nawe unashuka na amani yako.

4.

Droo ya Mbonea:

kisu
ndala moja ya bluu, imekatwakatwa viduara
bushi mpya kutoka Dar, kwenye mfuko wake, tangu Februari

5.

Mafundi hukata bushi kwenye ndala wakikosa kipuri. Mbonea hakukosa. Tangu mkewe afariki, hakuna aliyekaa gereji pale akamuuliza amekula nini, isipokuwa Nakijwa. Bushi ya dukani hudumu miaka. Ya ndala, miezi miwili. Mpumbavu yule alipanga kila kitu, mteremko wa shule akausahau.

6.

Safari hii alifungua mfuko. Bushi ikaingia, mkono wa gia ukatulia.

Nakijwa akauliza kama hii itadumu.

"Miaka," alisema Mbonea. Kisha, bila kumtazama: "Ninayo tangu Februari, Mwalimu. Nilitaka uwe unarudi."

"Watoto thelathini na wawili nyuma ya ukuta ule, Fundi," alisema Nakijwa, akaingia garini.

R.

D. Gari likaondoka.

7.

Julai.

Agosti. Mbonea alipika ugali wa mtu mmoja, ukabaki.

Septemba, mchana, lile gari lilikuja taratibu likasimama ng'ambo ya barabara. Mbonea akatoka, mikono ina grisi. Alimkumbuka mno, na alijua hana haki ya kumwita. Injini bado inaunguruma. Mlango wa dereva ukafunguka, Nakijwa akashuka.