Kichwa cha Pande Mbili

Katika saluni ya Bi Kitana kichwa kimoja kilisukwa na watu wawili: binti yake upande wa kushoto, mkwe wake wa kulia, wakakutana utosini. Mistari ilifanana kama imepigwa rula.

Ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa soko. Wagombea walikuwa wawili: binti akawa upande wa seremala, mkwe upande wa muuza viatu. Kila asubuhi simu zilileta jipya: mara seremala akishinda saluni zote zitafungwa, mara muuza viatu keshauza choo cha soko. Kila mmoja aliamini la kwake na kulisambaza chai haijapoa. Mawifi wakanuniana. Na kwa vile hakuna aliyetaka kumuuliza mwenzake anasuka unene gani, mwalimu wa shule ya jirani alinyanyuka kitini kushoto nyuzi, kulia kamba za ndoo. Akajitazama kiooni, akauliza kwa upole kama kichwa hiki ni chake peke yake au ana mwenzake.

Bi Kitana alicheka mpaka akakaa. Lakini jioni mkwe akamwambia, "Mama, mwisho wa mwezi nahamia saluni ya ng'ambo ya barabara." Kicheko kikamkauka. Msichana yule alikuja hajui hata kushika chanuo. Alimfundisha mwenyewe, kidole kwa kidole.

Aliwasihi, akaambulia miguno. Ndipo akamlilia mtoto wa kaka yake, aliyesomea chuoni tabia za watu. Msomi huyo akamweleza kwamba ukibishana na aliyekwisha kuamini unazidi kumkaza. Afadhali watu waonjeshwe uongo kidogo usiodhuru, waupike kwa mikono yao, tena wakiwa upande mmoja. Wakishayajua mapishi, hata uongo mwingine ukija umevaa koti watautambua.

"Kwa hiyo niwafundishe wanangu uongo?"

"Uongo wanaujua, shangazi. Hawajui unavyotengenezwa."

Siku ambayo wateja waliadimika, Bi Kitana akafunga mlango na kuwaamuru mawifi watunge pamoja uongo juu yake yeye. Ukivuka kizingiti, akaonya, atawanyoa wote. Walianza kwa shingo upande.

"Tuseme Mama ana upara," mkwe akanong'ona.

"Haitoshi. Lazima watu waogope. Upara wenyewe unaambukiza, kwa chanuo."

"Nani kasema?"

"Daktari mmoja mkubwa. Jina limehifadhiwa."

"Na watume haraka, kabla hawajaufuta."

Hapo mkwe akacheka mpaka akamshika wifi yake bega, ndipo akakumbuka kwamba wamenuniana, akaliachia. Aliyecheka kuliko wote ni Bi Kitana, huku akikaza kilemba chake.

Kesho yake uchaguzi ukiwa mlangoni, mwalimu alirudi kurekebishiwa kichwa. Walipokuwa katikati, simu zikalia pamoja. Sauti ya mwanamume, iliyorekodiwa, ilisema kwa kilio kwamba watu wa muuza viatu wameficha petroli kwenye stoo ya soko wachome vibanda. Afisa mmoja mkubwa kathibitisha. Tuma sasa hivi. Nje, maduka yalianza kufungwa. Binti alikuwa ameinua kidole kutuma, maana habari ilimfaa. Bi Kitana akasimama na taulo mkononi, akakitazama kile kidole.

Kidole kikabaki hewani.

"Hofu ipo," binti akasema taratibu. "Haraka ipo."

"Daktari?" mkwe akauliza.

"Huyu ni afisa."

"Jina lake?"

"Limehifadhiwa, wifi yangu."

Wakamwacha mwalimu nusu kichwa, wakatoka mbio mpaka stooni. Kulikuwa na mafagio na madumu ya maji; waliyanusa moja moja. Wakapiga picha wawili pamoja, dumu katikati, wakaituma kwa watu wa seremala na wa muuza viatu, chini wameandika: "Afisa gani? Jina limehifadhiwa." Kabla jua halijapoa milango ilikwisha kufunguliwa, na soko zima likawa linaulizana kwa vicheko, "Jina limehifadhiwa?"

Kura kila mmoja alimpigia wake, na ubishi haukuisha. Lakini kichwa cha mwalimu kilitoka sawasawa, akazunguka soko lote bila kitambaa ili watu wakione.

Mkwe akatundika chanuo kwenye msumari wake wa zamani. "Mama, mwisho wa mwezi sihami."

"Nani kasema?"

"Mimi hapa. Jina unalo."

Bi Kitana akageukia ukutani kujifunga kilemba upya, vizuri, kwa sababu uongo wa petroli ulikaguliwa dumu kwa dumu, lakini ule wa upara, uliopikwa mle mle ndani, hakuna aliyekwenda kuuhakikisha.