Fungu la Pembe ya Chini

Mtu akitaka kuharibu jambo jema hana haja ya uchawi, haraka inamtosha. Kamuulize Ambindwile.

Huyu alikuwa msimamizi wa shamba la Wayahudi wa Makandana, pale Tukuyu mjini: familia tisa, sinagogi la mabati, na nyuma yake ekari mbili za viazi, kabichi na maharage. Watu waliwaita Wasabato, nao walikwishachoka kusahihisha. Ijumaa jua likizama, majembe chini, hakuna kazi tena mpaka Jumamosi nyota tatu zionekane. Na kila walipovuna waliacha pembe ya chini, ile ya kando ya njia, wakaizungushia matete, kwa sababu Torati imekataza kuvuna shamba hadi ukingoni. Pembe hiyo ni ya mwenye shida, awe Myahudi au asiwe. Anakuja, anachimba mwenyewe, na wewe unageuza uso. Humwangalii wala humuulizi.

Mwaka huo wa tisini na mbili biashara ilikuwa imeachiwa huru. Wanunuzi walikuja na malori yao hadi shambani, na masharti yao juu. Ijumaa moja Meshaki, mnunuzi kutoka Mbeya, aliyeahidi kufika asubuhi, akafika saa kumi jioni. Tena akataka lumbesa: kila gunia lifungwe kilemba juu, litune, la sivyo anageuza lori aende kununua Kawetele. Ebo! Magunia yalikuwa yamejazwa kistaarabu. Ukiyapandisha vilemba, viazi havitoshi.

"Na vile kule?" Meshaki akaonyesha matete.

"Vile si vyetu."

"Ni vya nani? Mbona simwoni mwenyewe?"

Ambindwile akatazama jua. Wenzake walikwisha kwenda kuoga kwa ajili ya Sabato. Jasho la familia tisa lingebaki hapo kwenye magunia, na mnunuzi kaenda zake. Akajiambia, Jumapili nitarudishia. Akang'oa matete, akachimba kwa kasi ya mwizi, na kweli wizi ndio aliokuwa akifanya. Lori likaondoka, jua likazama, naye akaingia kusali na udongo kwenye kucha.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Ya Ambindwile yalikuja kesho yake, wakati wa sala, akiwa amesimama karibu na dirisha. Bibi Sekela, mjane wa nyumba ya pili, alikuwa anashuka njiani na jembe na kikapu. Mama huyu analea wajukuu wawili, na upepo wa mwezi ule ulikuwa umeiangusha migomba yake. Siku zote alikuja Jumamosi, maana siku hiyo Wayahudi wote wako ndani na hakuna wa kumwona. Ambindwile alijua hapaswi kutazama. Akatazama. Bibi Sekela alisimama akauchokoa udongo kwa kidole cha mguu. Akainama, akapata kiazi kimoja cha ukubwa wa gumba, akakiacha palepale. Akarudi na kikapu kitupu. Ambindwile aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mbona huli?" Tulia, mkewe, alimuuliza mchana.

"Tumbo."

"Tumbo lako halijui uongo. Mdomo ndio unaoujua."

Basi akamweleza. Tulia akaweka kijiko chini. "Umeuza chakula cha yule mama kwa ajili ya kilemba cha gunia?"

"Nitarudisha."

"Rudisha sasa hivi."

"Ni Sabato, mke wangu. Siwezi kubeba mzigo."

"Aa! Leo ndiyo umekumbuka sheria!"

Siku nzima aliikaa Sabato yake kama mtu aliyekalia siafu.

Jumapili kulipopambazuka alichukua debe la viazi vya nyumbani kwake akateremka kwenye ile pembe. Je, alikwenda kwa Bibi Sekela kumwambia nimekosa? Wapi! Alipiga magoti akaanza kuvizika vile viazi, kimoja kimoja, ili vionekane havijawahi kuchimbwa. Loo, mtu mzima na ndevu zake!

Siku za mwizi ni arobaini, za huyu hazikufika hata tatu. Alisikia hatua. Bibi Sekela alikuwa njiani kwenda kanisani, kitenge kipya kiunoni, chane ya ndizi mkononi. Alipomwona mtu kapiga magoti, mikono udongoni, debe la viazi ubavuni, akageuza uso upesi akautazama mlima.

"Sijaona mtu," akasema. "Jana nilikuta pembe imekombwa yote. Nikasema, mwenye njaa ya kawaida humwachia mwenzake, huyu kanizidi. Mgomba wangu mmoja ulipona. Basi, wewe nisiyekuona, chukua hizi, watoto wako wale."

Akaziweka ndizi chini.

"Mama, mimi sina njaa," Ambindwile akasema.

"Hakuna aliyekuuliza." Akaanza kwenda.

Kunyamaza tu kungemtosha. Bibi Sekela angefika kanisani na moyo mweupe, na pale Makandana nani angejua? Ambindwile aliziangalia zile ndizi, fupi fupi, za mgomba uliopigwa na upepo. Akainuka nazo akamkimbilia.

"Mama! Ni mimi. Fungu lako nilichimba nikajazia magunia ya mnunuzi. Na hivi nilikuwa nazika, ili usijue."

Bibi Sekela akageuka, akamtazama kuanzia magoti yenye matope hadi usoni. Hakupaza sauti.

"Nyumbani kwako mna chakula?"

"Kipo, mama."

"Na bado ukachukua cha hapa."

"Ndiyo."

"Basi sikukosea. Nilisema aliyechimba ana njaa kunizidi." Ambindwile akamnyooshea zile ndizi kwa mikono miwili. Mama akatikisa kichwa. "Hizo ni zako, mwanangu. Nenda ukazile."

Akajifunga kitenge vizuri, kengele ya kanisa ikiita.

"Viazi malizia kufukia, nitakuja Jumamosi nichimbe kama kawaida yangu. Na safari hii usinichungulie dirishani."