Dakika Mbili za Mikono

Wanafunzi wa baba yangu wanamwita Baba. Watu wazima, wengine na ndevu zao, "Baba, hebu tazama hii," naye anaitika papo hapo! Mimi wa kumzaa, nikimwita lazima nirudie mara tatu.

Aliongoza filamu saba, akagombana na kila mtu, hakuna aliyemjua. Alipoanza kufundisha ndipo nyota yake iling'aa. Leo waongozaji wakubwa wakipokea tuzo husema yeye ndiye aliyewafundisha kutazama. Akiona picha sekunde tano tu, anajua ni kazi ya mwanafunzi wake yupi. "Hii ya Kipara, huyu lazima aanzie miguuni." Darasa linaangua kicheko. Mimi roho inaniuma, sifichi. Nilipokuwa shule hakujua hata niko darasa la ngapi.

Mwaka huu nikaomba nafasi darasani kwake. Jaribio: dakika mbili za mikono ikifanya kazi, bila uso, bila sauti, bila jina, namba tu. Nikamrekodi mama asubuhi moja akishona kifungo cha shati la Baba, huku mwenyewe akifoka mlangoni kwamba anachelewa. Nilitaka anitambue kama anavyomtambua Kipara. Hilo tu.

"Mwanangu, usijitafutie machungu," mama alisema. Sikumsikiliza.

Siku ya kuonyesha, waombaji thelathini tulibanana nyuma ya ukumbi gizani. Namba kumi na tisa ilipoisha, Baba akasimama.

"Mmeona? Mkasi uko pale pale, lakini anakata uzi kwa kucha. Kuna mtu mlangoni anamharakisha. Na aliyerekodi anampenda sana huyu mama. Kumi na tisa, umepita! Simama, utuambie ni nani huyu."

Taa zikawashwa. Nikasimama. Baba alikuwa amevaa shati lile lile.

"Mkeo," nikasema.

Baba akakigusa kifungo kifuani, akakipapasa kama kipofu. Nilingoja anitazame. Nilikuwa nimepita, nimemshinda hata Kipara, angalau aniite jina langu.

"Rudisha," akamwambia fundi wa projekta. "Rudisha tena."

Akavuta kiti mpaka mbele ya skrini, akanipa mgongo, akaitazama mikono ile. Kwa mara ya kwanza maishani, nikamwonea wivu mama yangu.