Shimo Chini ya Gari la Mzee Stannard

Kijiji kizima kinazungumza habari za nyundo. Ukiingia dukani, nyundo. Ukienda posta, nyundo. Mama mmoja ambaye hajanisalimia tangu nimalize shule alinisimamisha nje ya maktaba, akaniuliza kama ni kweli niliingia uani kwa Mzee Stannard na nyundo mkononi. Ni kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza nyundo ilikuta nini, na hilo ndilo linalonichoma.

Dada yangu Odette alikuwa anatafuta gari. Amepata kazi ya maabara katika hospitali iliyo ng'ambo ya mlima, na alitakiwa kuanza Jumatatu. Wakati wa kiangazi ng'ambo ya mlima si mbali. Wakati wa baridi, hapa kaskazini mwa Vermont, ni habari nyingine: barabara inapanda ikijipinda, upande huu jabali, upande ule korongo, na mtambo wa kusukuma theluji hupita wewe ukiwa umeshatoka nyumbani. Kigari chake cha zamani kilivuta kwa magurudumu ya mbele tu. Mwaka jana kiliteleza kikaingia mtaroni mara mbili, na ile mara ya pili mwanawe, Remi, ambaye hata kukaa wima alikuwa hajajua, alikuwa amefungwa kwenye kiti cha nyuma. Remi hushinda kwa bibi yake mzaa baba, huko huko ng'ambo, kwa hiyo kila Odette anapopanda mlima, naye anapanda. Lilihitajika gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lililotumika lakini lenye uzima wa kwenda na kurudi kila siku mpaka theluji iyeyuke. Asipolipata, kazi inakwenda kwa mwingine.

Tulitazama mengi. Moja lilikuwa zuri kwa macho, ila tairi za mbele mpya na za nyuma zimelika hadi zimekuwa na upara. Gari la kuvuta manne halitaki tairi za kubahatisha. Magurudumu yasipolingana, mtambo unaoyagawia nguvu unajisaga wenyewe. Muuzaji akasema, "Tairi ni tairi, dada." Tukamwachia tairi zake. Jingine, ukilikata kona kali kwenye uwanja mkavu, lilishikashika na kurukaruka kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Jingine lilitoka majimbo ya kusini, kusikomwagwa chumvi ya barafu barabarani, na chini yake palikuwa safi kama sahani. Hilo lilikuwa la zambarau, la kukanyaga klachi, na redio yake ilishika stesheni moja tu, ya mahubiri. Odette alilikataa palepale.

"Wagonjwa wataniona nimetoka sarakasi," alisema.

Ndipo Mama akasema, "Mzee Stannard anauza lake."

Uso wa Odette ukang'aa. Mzee Stannard ni shemasi wa kanisa letu. Tangu baba yetu afariki, kila theluji ikianguka, yeye huja na pikapu yake yenye bamba la kusukumia theluji, akatusafishia njia ya kuingilia nyumbani, haombwi wala halipwi. Gari la mtu kama huyo unalinunua umefumba macho.

Na hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Kila mtu hapa anajua kukagua gari. Chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu inakula chuma kutoka chini, pasipoonekana. Kwa hiyo unalala chali, unagonga chasisi kwa nyundo ndogo, unasikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Watoto wetu wanalijua hilo kabla ya kujua kuendesha. Lakini tunagonga gari la mgeni. La jirani hatuligongi. La jirani unakalia viti, unasifu usukani, unakunywa kahawa ya mkewe, unalipa. Kulala chini ya gari la jirani ni kumwita mwizi.

Jumamosi tukaenda, Odette amembeba Remi. Mzee Stannard alikuwa amelisugua gari mpaka likawa linametameta. Akafungua milango yote, akatuonyesha kibandiko cha ukaguzi kwenye kioo cha mbele.

"Kipya hicho, mwanangu. Mwaka mzima hakuna askari wa kukusumbua."

"Na linapanda mlima vizuri, Mzee?"

"Linapanda? Hili ukilielekeza mtini litapanda!"

Odette akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu apate ile barua ya kazi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya gari, na pua yangu ilikuwa imenasa kitu. Lami mbichi.

"Mzee, umepaka chini?"

"Nimelikinga tu, binti. Si unaijua chumvi yetu?"

"Lini?"

"Majuzi majuzi."

Nilitazama mikono yake. Kucha zilikuwa nyeusi. Mtu hukinga gari analobaki nalo. Hili analiuza, halafu anajilaza kwenye kokoto mwezi wa Novemba kulipaka kwapani?

"Naomba nilitazame," nikasema.

"We Delphine, hebu acha," Odette akaninong'oneza.

"Mwache tu," Mzee akasema, akicheka kwa mdomo bila macho. "Atachafua koti lake la mjini, basi."

Nikaenda kuchukua nyundo kwenye gari la Mama. Nikalala chali. Kokoto zilikuwa baridi mpaka mgongoni. Nikagonga mbele, pakalia. Katikati, pakalia. Nikajivuta hadi karibu na gurudumu la nyuma la kulia, pale chasisi inaposhika mkono wa gurudumu, nikagonga. Hapakulia. Nyundo ilizama. Vipande vikaniangukia usoni kama makoko ya mkate ulioungua, nje vyeusi, ndani vyekundu. Nikaingiza vidole kwenye shimo, vikaenda bila kugusa kitu.

"Mzee," nikasema nikiwa kulekule chini, "huku kuna shimo."

"Wapi?"

"Panaposhikiza gurudumu la nyuma."

"Aa, hapo si pa kutisha."

"Si pa kutisha? Likikatika kwenye kona?"

"Limepita ukaguzi, binti."

"Kakagua nani?"

"Mpwa wangu. Ana gereji yenye leseni."

Wakati huohuo mkewe akatokea mlangoni na aproni yake. "Jamani kahawa tayari! Na maandazi yangali moto!"

Nilitoka chini ya gari nimejaa kutu nywele nzima. Remi alinitazama akacheka.

"Mzee Stannard, ulikuwa unajua?"

"Mimi mwenyewe nimeliendesha mpaka juzi. Nimekufa?"

"Nimekuuliza, ulikuwa unajua?"

Alimgeukia Odette. "Baba yenu, Mungu amrehemu, asingethubutu kufanya jambo kama hili uani kwangu."

Hapo ndipo nilipopaza sauti. Sikatai. Jirani aliyekuwa anakusanya majani alisimamisha reki yake. Nilisema, "Baba yetu yumo kaburini, na wewe unamtafutia mjukuu wake jeneza la kumfuata! Jeneza lenye kibandiko kipya!" Nilisema mengine pia. Yote yalihusu lile shimo.

Tulirudi nyumbani Odette analia. Hakuwa na hasira na Mzee; alikuwa na hasira nami.

"Ungeninong'oneza. Tungesema tunakwenda kufikiria."

"Halafu?"

"Halafu tungekwenda zetu. Watu hivyo ndivyo wanavyofanya."

Kesho yake alilinunua lile la zambarau, na Jumatatu akapanda mlima akisikiliza mahubiri kwa lazima. Kazi anayo.

Theluji ya kwanza ilianguka siku chache baadaye. Pikapu ya Mzee Stannard ilikuja, ikasafisha kwa jirani wa juu, ikasafisha kwa jirani wa chini, ikapita mbele ya nyumba yetu bamba likiwa limeinuliwa juu. Mama alisimama dirishani akaitazama mpaka ikapotea. Kisha akavaa buti, akachukua beleshi.

"Neno moja tu, mwanangu," alisema tulipokuwa tunachota. "Samahani ni neno dogo. Mgongo wangu huu hautafika Machi."

Nikamwambia akae ndani, nitachota mimi. Hakukaa. Kila beleshi aliloinua lilikuwa linanisema.

Jumamosi ikawa karamu ya pai ya kuku katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Nilikuwa jikoni, nimeshika trei, Mchungaji Lorna aliponivuta kando.

"Delphine, sikuambii useme nani alikosea. Sema tu samahani kwa namna ulivyosema. Amekonda, maskini. Mkewe anasema halali."

"Gari liko wapi?"

"Gari gani?"

"Mchungaji, liko wapi lile gari?"

Hakujua. Hakuwa amefikiria kuuliza. Wanawake waliokuwa wanaosha sahani waliniangalia kama mtoto aliyetukana mezani. Ndipo Gaston Ferland, dereva wa lori la maziwa, aliyekuwa anafuta vikombe kwenye sinki, akaamua kunisaidia.

"Dada, kuna njia za kufanya mambo," alisema kwa upole. "Mimi nililitazama gari hilohilo mwezi uliopita. Mzee alipoingia ndani kupokea simu, nikagonga kidogo. Nikalikuta hilo shimo. Alipotoka nikamwambia nitafikiria, nikaenda zangu. Umeona? Hakuna aliyeudhika."

Na wakatikisa vichwa. Naapa, jiko zima lilitikisa kichwa, kama vile amesema jambo la hekima.

"Ulilikuta," nikasema.

"Nililikuta."

"Halafu ukasikia kwamba Odette anakwenda kulinunua."

"Nilisikia dukani, ndiyo."

"Na unamjua Remi. Wewe ndiye uliyewatoa mtaroni mwaka jana, kwa lori lako."

Akageuza kikombe kilichokwisha kukauka, akakifuta tena. "Sikutaka kuingilia, dada."

Trei ilikuwa inaniunguza mikono, nikaiweka chini. Watu hawa niliwadhani wema na wapole. Upole gani huu? Kumwonea haya mzee, na kutomwonea huruma mtoto? Wangekuja wote mazishini. Wangeleta pai.

Ndipo Mzee Stannard mwenyewe akatokea mlangoni, sahani tupu mkononi, kichwa ameinamisha. Waliokuwa wanaosha wakafunga bomba. Mama alikuwa nyuma yake, ananitazama, ananiomba kwa macho.

"Haya, Delphine," Mchungaji Lorna akasema, akanishika bega. "Mungu ametukutanisha."

Nilimtazama Mzee. Kwa kweli alikuwa amekonda. Nilingoja atamke yeye kwanza, hata nusu ya neno: gari nimelipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu, au, mtoto hajambo? Alinyoosha tu sahani, akangoja neno langu.

"Mzee," nikasema, "pai iko mezani, karibu ule. Samahani sina."